Maji Yakitakata

Kinyozi wa Buhongwa alinikata kidogo nyuma ya shingo. Kosa halikuwa lake. Kichwa nilimpelekea kikiwa kimeshaharibiwa: siku mbili kabla, wanawake wa msibani walikuwa wameninyoa kwa wembe, wakizungumza na kulia huku wananyoa, wakaacha mabaka kama shamba lililopaliliwa na mlevi. Alisema, "Pole, dada," akafungua droo, akatoa jiwe la shabu, akalilowesha na kulipitisha pale palipokatika. Likachoma. Nikagusa shingo, kisha bila kufikiri nikapeleka kidole mdomoni. Ule ukali unaokunja ulimi na kukausha mashavu kwa ndani ukanijaa, na pale pale kwenye kiti cha kinyozi nikawa na miaka saba, nimesimama mtoni kule kwa bibi, mikono nimeificha mgongoni, mwizi.

"Umeilamba?" kinyozi aliniuliza kupitia kioo.

"Nimeilamba."

"Mtu mzima halambi shabu, dada."

"Kuna mtu nilikuwa namkumbuka," nikamwambia. Akaendelea kunyoa. Mwanamke aliyenyolewa kipara haulizwi ni mtu gani.

Alikuwa mama.

Mama alinipeleka kwa bibi, upande wa Kamanga, mvua zikiwa zimekolea. Tulivuka ziwa kwa feri kutoka mjini, tukashuka, tukatembea kandokando ya majaruba ya mpunga mpaka tukafika kwenye mto ambao watu wa pale hawakuwa na jina la kuuita zaidi ya "mto". Ni mto mdogo. Unatoka mashambani, unapita kati ya majaruba, unaingia ziwani penye matete. Siku ile ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alivua viatu, akanipandisha mgongoni ingawa nilishapita umri wa kubebwa, akaingia. Maji yalimfika mapajani. Tulipotoka upande wa pili alichuchumaa ili nishuke, nami sikuiachia shingo yake.

Niliambiwa tunakwenda kumsalimia bibi. Lakini mtoto anayekwenda kusalimia hafungashiwi blanketi lake na viatu vyake vyote viwili, vya shule na vya kanisani. Nikamuuliza atarudi lini kunichukua.

Mama akatazama huku na huku, kama mtu aliyeteleza anatafuta pa kushika. Macho yake yakaishia mtoni.

"Ingiza mguu kwenye maji," akasema.

Nikaingiza.

"Unauona?"

"Siuoni."

"Basi maji haya yakitakata, ukasimama humu ukaiona miguu yako yote miwili mpaka kucha, nitakuja kukuchukua."

Nilifurahi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wengi wetu tukikumbuka kuachwa tunajikumbuka tukilia. Mimi nilipewa kitu ninachoweza kukiangalia mwenyewe kila siku bila kumuuliza mtu mzima. Niliona nimepewa zaidi ya tarehe.

Nyumba ya bibi ilikuwa kwenye mwinuko, na kutoka uani ulikuwa unauona mji wa Mwanza ng'ambo ya maji, mawe yake na mabati yake yakimeta jua likiyapiga. Mama alikuwa Kiseke, akifanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Kiseke haionekani kutoka pale, iko nyuma ya vilima, lakini sikulijua hilo. Nilichagua bati moja lililokuwa linameta kuliko mengine nikaamua ndiyo nyumba yake. Nililitazama bati la watu nisiowajua kwa miezi mingi.

Pale nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na Leti, binti wa mjomba, aliyenizidi miaka mitatu na hakuniacha nisahau. Mjomba mwenyewe alikuwa visiwani akivua, tukimwona kwa nadra. Leti alilala na mimi kitanda kimoja, akanifundisha kubeba ndoo kichwani bila kushika, na kila nilipokwenda mtoni alinifuata kuniangalia nikiingiza miguu.

"Mama yako yuko pale pale," aliniambia siku moja, akinyoosha mdomo kuelekea mjini. "Feri inakwenda na kurudi kutwa nzima. Mbuzi wanavuka. Kuku wanavuka. Mama yako tu ndiye havuki."

"Anasubiri maji yatakate."

"Kwani feri inakanyaga chini?"

Mpaka leo naona lilikuwa swali zuri.

Wakati wa mvua maji ya kunywa yalitoka mto huo huo. Tuliyachota yakiwa na tope, tukayamimina kwenye ndoo kubwa jikoni, kisha bibi akachukua kikopo kilichokaa juu ya ukuta, mahali ambapo mkono wangu haukufika. Ndani ya kikopo kulikuwa na shabu, jiwe jeupe linalopitisha mwanga, limefungwa kwa uzi mwekundu wa kufumia. Bibi alilishusha ndani ya ndoo akalizungusha taratibu, midomo yake ikihesabu kimyakimya kwa Kisukuma, akalitoa, akalifuta kwa kitenge, akalirudisha. Halafu tukakatazwa kuigusa ndoo.

"Yanalala," alisema. "Ukiyaamsha yanachafuka."

Asubuhi tope lote lilikuwa limekaa chini kama uji ulioganda, na juu yake maji yakiwa maangavu hata ukaweza kuhesabu mikwaruzo ya ndani ya ndoo. Bibi aliyateka kwa kikombe, polepole. Yalikuwa na ukali kidogo nyuma ya ulimi.

Nadhani msomaji ameshaona ninakoelekea. Mtoto wa mahali pengine angeomba, au angesubiri. Mimi nilikuwa nimeliona jiwe likiyatuliza maji kila jioni, kwa macho yangu, bila kushindwa hata siku moja. Nilihitaji tu kigoda.

Nilikwenda pale tunapovukia, nikaufunga uzi mwekundu kwenye fimbo, nikaingia mpaka magotini na kuanza kuzungusha. Nilihesabu kwa Kiswahili kwa kuwa Kisukuma changu kilikuwa kinaishia kumi. Maji yalikuwa yanakwenda. Kila nilipotuliza kipande kimoja kilishaondoka kuelekea ziwani na kingine kilishakuja na tope lake. Nikaona tatizo ni kasi yangu. Nikazidisha. Niliendelea mpaka mabega yakauma. Nikaegemeza fimbo kwenye jiwe ili shabu ibaki majini ifanye kazi yenyewe, nikaenda kukaa kwenye nyasi. Niliporudi fimbo ilikuwa imezama, na mto ulikuwa chai ya maziwa.

Jioni bibi alipapasa juu ya ukuta wa jikoni. Akakitikisa kikopo.

"Leti! Shabu iko wapi?"

"Muulize huyo mganga wa mto," Leti akajibu. "Kutwa nzima alikuwa anausonga kama ugali."

Bibi akanigeukia. "Minza. Umeukoroga mto?"

"Ndiyo, bibi."

"Wote?"

"Hapana. Pale tunapovukia tu."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini, kitenge kimemlegea, machozi yanamtoka. Leti naye akacheka. Kisha bibi akajifuta macho akaniuliza kwa nini, nami nikamweleza alichoniambia mama, neno kwa neno, pamoja na kucha. Sikumaliza, bibi akawa ameacha kucheka. Nilingoja fimbo.

"Mto hautulizwi na shabu, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mto unatulizwa na baridi. Maji yakisikia baridi yanajikunja yanalala, kama wewe unavyojikunja alfajiri. Acha baridi ije."

Tulikunywa maji ya rangi, yaliyochujwa kwa kitambaa na kuchemshwa, mpaka bibi alipopata shabu nyingine. Kila nilipoinua kikombe Leti aliinua chake, akanitazama juu ya ukingo.

Baridi ya kwetu ukimweleza mtu wa Njombe atakucheka. Ni asubuhi chache za upepo, ukungu mwembamba juu ya majaruba yaliyovunwa, bibi akivaa sweta juu ya gauni. Lakini niliingojea kama watu wanavyoingoja sikukuu. Nilipoamka siku moja na kuona kuku wamevimbisha manyoya, nilikimbia mtoni bila kupiga mswaki.

Haukutakata kwa siku moja. Ulianza pembeni, penye nyasi, ambako maji yalikuwa yamesimama. Rangi ya chai ikawa ya chai ya rangi, ikawa ya maji yaliyooshewa mchele. Nikaona magoti yangu. Siku zikapita nikaona vifundo. Halafu asubuhi moja nikatazama chini na miguu yangu ilikuwa pale, yote miwili, myeupe kidogo kwa baridi, kucha kumi, na visamaki vidogo vya furu vikiidonoa. Kando yake, chini ya jiwe, uzi mwekundu ulikuwa unapepea, hauna kitu.

Nikapanda mbio kwenda nyumbani, nikavaa viatu vya kanisani.

"Bibi! Naiona miguu yangu!"

Bibi alishuka nami. Akainama pale ukingoni, mkono kiunoni, akatazama maji muda mrefu.

"Mimi siioni," akasema.

"Hii hapa, bibi!"

"Naona tope. Bado. Hayajatakata vizuri."

Niliingia tena nikatazama. Niliiona. Nikasema labda bibi macho yake ni ya uzee. Kesho yake nikamwita tena, na keshokutwa, na kila mara aliinama kwa bidii ileile, akakaza macho kwa bidii ileile, akasema bado kuna tope. "Wewe huoni pale? Pale, mayu, tope lile." Siku ya nne au ya tano nilianza kuliona. Nasema kweli. Nilisimama kwenye maji maangavu kama ya ndoo ya asubuhi nikaona tope ambalo halikuwapo, kwa sababu mtu ninayempenda alikuwa amelinyooshea kidole. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo kuhusu jinsi watu wanavyokuja kuamini mambo. Hakuna kilichonifundisha zaidi ya hapo.

Lakini nilikuwa situlii. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vigae vya sahani nyeupe iliyovunjika. Nikachagua kimoja chenye ua, nikakiweka chini ya mto mahali penye kina zaidi, nikamwita Leti. Sikumwonyesha ua kabla. Nilimchagua yeye kwa sababu ndiye mtu pekee pale ambaye hakunihurumia kamwe.

"Kuna kigae kule chini. Niambie kina nini."

Leti akainama. Nilitegemea anicheke.

"Kina ua," akasema.

"La rangi gani?"

"La bluu. Lina majani mawili, moja limekatika." Akainuka. Alikuwa ananiona nikielewa, na nadhani hilo lilimtisha. "Minza," akasema baadaye kidogo, "twende tukachezee nyumbani."

Nilikichukua kigae nikampelekea bibi kikiwa kinadondosha maji. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Leti ameliona ua, bibi."

Vidole vyake vikasimama. Hakuinua uso.

"Leti ana macho ya kitoto," akasema. Kisha: "Nenda kachote maji."

Hatukulizungumza tena. Nilijua sasa kwamba maji yametakata, na kwamba bibi anajua, na kwamba kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na jambo la tatu ambalo ndilo lililokuwa linafichwa. Niliendelea kwenda mtoni kila asubuhi, kwa mazoea. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna maji niliyowahi kuyachukia kama yale. Yalipokuwa machafu nilikuwa na kitu cha kungoja. Sasa nilikuwa naona kila kokoto, kila konokono, njia nyembamba alizochora konokono kwenye mchanga, na jioni ng'ambo bati langu lilimeta kama kawaida, na feri ilikwenda na kurudi.

Mama alikuja mvua zilipoanza tena.

Nilikuwa mtoni na ndoo. Niliinua macho nikamwona upande wa pili, mwavuli mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Alikuwa amenenepa. Mto ulikuwa umejaa, tope tupu.

"Minza! Mwanangu! Nimekuja kukuchukua!"

Sikumkimbilia. Nilisikia sauti yangu ikitoka taratibu, kama ya mtu anayemweleza mgeni njia.

"Maji machafu."

"Unasemaje?"

"Maji ni machafu. Yalitakata, hukuja. Sasa ni machafu."

Nikamwona hajanielewa. Alikuwa amesahau. Kile nilichokuwa nimekiishi kila siku, yeye alikisema siku moja akakiacha pale pale ukingoni. Kisha nikaona kikimrudia. Akaupeleka mkono wenye viatu mdomoni. Akaingia majini vilevile, gauni hakulipandisha, akavuka huku mwavuli umeanguka unachukuliwa na maji, akaja akanikumbatia nikiwa na ndoo. Aliloa mpaka kifuani. Sikumkumbatia. Niliuangalia mwavuli mpaka ukafika kwenye matete.

Nilikwenda naye Kiseke siku ileile. Kwa bati langu hatukupita. Huko nilikuta mwanaume na mtoto mchanga, na kidogo kidogo, kwa miaka, nikaunganisha yaliyofichwa: kwamba yule mwanaume alimwoa mama bila kuambiwa kuwa nipo, na kwamba mama alihitaji misimu miwili kupata ujasiri wa kutaja jina langu. Yule mwanaume hakuwa mtu mbaya. Waliachana baadaye kwa sababu zao wenyewe.

Chuoni nilisoma mambo ya maji, na sidhani nilichagua. Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo tulipelekwa ziwani na mashua, tukapewa sahani ya duara, nyeusi na nyeupe, iliyofungwa kamba. Unaishusha mpaka usiione, unasoma urefu wa kamba. Ndivyo uangavu wa maji unavyopimwa. Wenzangu walicheka kwamba sayansi yenyewe ndiyo hii ya kuzamisha sahani. Mimi nilishika kamba nikainama, nikitafuta ua la bluu.

Pale nilijifunza pia kwamba bibi alikosea. Baridi haiulazi mto. Ukweli ni kwamba tope huzama polepole zaidi kwenye maji ya baridi, kwa kuwa yanakuwa mazito kidogo. Kinachotokea ni kuwa mvua zinakatika, mashamba hayatoi tena udongo, mto unapungua na kwenda taratibu, na tope linapata nafasi ya kukaa. Mwani unaoyatia maji rangi ya kijani nao hupunguzwa kasi na baridi, na huo ndio mkono wake, mdogo. Baridi na maji maangavu hufika pamoja, basi tunadhani mmoja amemleta mwenzake. Nimewahi kumwambia mama hayo yote, nikiwa na kiburi cha mwaka wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakuna nazi.

"Kwa hiyo kwa nini ulichagua maji?" nikamuuliza. Sikuwahi kumuuliza kabla.

Aliendelea kukuna.

"Nilitafuta kitu cha kuchelewa," akasema. "Nilidhani mpaka hapo nitakuwa nimeshamwambia kuwa upo."

Alisema hivyo tu. Nilikuwa na maswali mengine kumi. Nikayaweka, nikidhani yatasubiri.

Amekufa katika miezi hii ya baridi. Alikuwa ameomba azikwe kwao, upande wa Kamanga, karibu na bibi, ambaye bado yupo na haoni kabisa sasa. Tulimvusha kwa feri asubuhi, jeneza likiwa kati ya magari na watu wa sokoni. Kivuko cha magogo kilichowekwa mtoni kilikuwa kimechukuliwa na mvua zilizopita, basi wanaume wakakunja suruali wakaingia na jeneza mabegani. Mimi nilivua viatu nikafuata.

Bibi alikuwa ameletwa ukingoni, amekalishwa kwenye kigoda, sweta juu ya gauni. Leti, mwenye watoto watatu sasa, alikuwa amemshika bega. Bibi alisikia miguu majini akainua uso.

"Nani huyo?"

"Minza, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mayu." Akatega sikio. "Maji yakoje?"

Leti alinitazama. Ningeweza kusema bado kuna tope. Nilikuwa nimesimama katikati ya mto, maji yakinifika chini ya magoti, na wanaume walikuwa wamesimama mbele yangu wakibadilishana mabega.

"Yametakata, bibi," nikasema. "Naiona miguu yangu."

"Yote miwili?"

"Yote. Mpaka kucha."

Bibi akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

"Basi amefika," akasema.

Najua kwa nini mto hutakata. Sikumbishia.